Azimio 181 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwaka 1947: lilikuwa amri au pendekezo?

Ticha wa Zamu:
Wakubwa shikamooni. Nafundisha historia kidato cha sita. Juzi nilichora ubaoni ramani ya kuigawa Palestina, ile ya Azimio 181 la Novemba 29, 1947. Nchi ya Waarabu nikaipaka chaki nyekundu, ya Wayahudi bluu, Yerusalemu nikaiacha nyeupe maana ilitakiwa iwe chini ya usimamizi wa kimataifa. Chaki ya bluu ikaniishia kwenye jangwa la Negev kusini, sijafika hata nusu. Sasa kila nchi ina vipande vitatu, na vinagusana kwa ncha tu, kama sambusa kwenye sinia. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Ticha, mtu akitoka kipande hiki kwenda kile, anapitaje bila kukanyaga kwa mwenzie?" Nikasema tutaendelea kesho. Kesho yenyewe nikawapa zoezi. Nisaidieni, na hilo la amri au pendekezo pia.

Babu Barazani:
Marahaba ticha. Huyo binti mpe maksi zake. Ncha ziko mbili, moja upande wa Nazareth, nyingine kusini karibu na mji wa Majdal. Pale pangekuwa njia panda ya wote. Tena nchi zote mbili zitumie sarafu moja, forodha moja na reli kwa pamoja. Watu umewatenganisha kwa kuwa hawaivi chungu kimoja, halafu unawapa mkoba mmoja wa pesa! Na Jaffa, mji wa Waarabu, ukabaki kisiwa ndani ya bluu yako.

Chaki kukuishia si ajabu. Wayahudi walikuwa kama theluthi ya watu, wakapangiwa zaidi ya nusu ya ardhi, ingawa sehemu kubwa ni hilo jangwa la Negev.

Lilikuwa pendekezo. Baraza Kuu halina askari. Liliomba Baraza la Usalama lisimamie, halikusimamia. Uingereza, mwenye kuishika nchi, haikupiga kura upande wowote, ikasema haitatekeleza mpango ambao pande mbili hazijaafikiana. Viongozi wa Wayahudi walikubali, wa Waarabu wakakataa, na vita haikungoja Mwingereza aondoke Mei 1948.

Kijana wa Ubungo:
Babu, na Afrika tulipigaje?

Babu Barazani:
Tulipiga na nani, mjukuu? Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya udhamini wa huo huo Umoja wa Mataifa. Waafrika ukumbini walikuwa wanne: Misri hapana, Ethiopia ikajiweka kando, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu ndiyo. Liberia siku nne kabla, kwenye kamati, nayo ilijiweka kando. Jumla ikawa 33 ndiyo, 13 hapana, 10 kando.

Ticha wa Zamu:
Ahsante babu. Ramani bado iko ubaoni, nimeandika "usifute". Kesho naanza na zile ncha mbili, Negev itasubiri chaki.