Dola 3,400 zimekwenda na maji: hizi kampuni za "kumtafutia mwanao chuo" kwenye besiboli, tuongee ukweli

Wakuu, hasa mlioko huku Marekani wenye vijana wanaocheza besiboli. Naandika nikiwa na hasira, nikikoroga mambo mtanisamehe. Jina la kampuni silitaji, mods wasije wakaufuta uzi, na mimi hela ya wakili sina, iliyobaki ni ya mafuta.

Mimi ni dereva wa lori, niko Houston. Kijana wangu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Kazaliwa hukuhuku, mchezo kaupenda tangu ana miaka saba. Mimi nimekulia Tanga, mpira kwangu ni wa miguu. Sheria za huu nimezijulia kwenye mabenchi ya wazazi, nusu nusu. Hapo ndipo waliponipatia.

Alipoingia darasa la kumi na moja, ndugu mmoja wa jumuiya yetu akaniambia kuna watu wamemsaidia mwanawe kupata chuo cha kuchezea, akanipa namba. Nikapiga. Muuzaji ana maneno huyo! Dakika kumi hazijaisha kashasema mwanangu ana mkono wa Divisheni I, ngazi ya juu kabisa ya timu za vyuo. Hajawahi kumwona. Aliposikia lafudhi yangu akaongeza chumvi: "Waafrika sasa ndio wakati wenu, hukusikia Dodgers walivyosaini vijana wawili wa Uganda mwaka 2022?" Nilisikia, na nilifurahi. Lakini Dodgers ni timu ya ligi kuu, wale walisainiwa kucheza kwa kulipwa, na chuo wapi na wapi? Siku ile swali hilo halikunijia. Nikatoa kadi.

Dola 3,400. Kwa hiyo unapata ukurasa wa kijana mtandaoni, video, "mshauri" wa kukupigia mara moja kwa mwezi, na nafasi kwenye maonyesho mawili ya wachezaji, kule vijana wanakojionyesha kwa makocha wa vyuo. Safari juu yako. Hoteli unalala waliyoichagua wao, ukilala kwingine kijana hachezi. Na mlangoni mzazi unalipa dola 15 kumtazama mwanao mwenyewe!

Onyesho la kwanza lilikuwa Florida, wikendi ya sikukuu ya Martin Luther King, Januari mwaka jana. Tangazo: makocha wa vyuo zaidi ya 60. Nikaikamata barabara kuu ya I-10 usiku kucha, Louisiana, Mississippi, Alabama, masaa 14, kijana kalala kiti cha nyuma na begi la vifaa miguuni.

Asubuhi vijana kama 150, kila mmoja kabandikwa namba kifuani kama ng'ombe wa mnadani. Wanakimbia yadi 60 wawili wawili. Wadakaji wanatupa mpira kituo cha pili mara tano, wanapimwa muda tangu mpira uguse glavu mpaka ufike kule. Wangu alipata sekunde 2.03 kwenye ule mzuri kabisa, na kwa umri wake si haba. Akapiga mipira minane. Jioni akadaka awamu mbili za mechi. Kwisha.

Makocha sasa. Nilizunguka uwanja nikihesabu. Saba. Wawili walivaa fulana za chuo, kumbe ndio waliokuwa wakirusha mipira ya mazoezi, wamelipwa na waandaaji. Wengine wa Divisheni III, ambako hakuna skolashipu ya michezo hata senti moja. Divisheni I sikumwona mtu.

Nikamuuliza baba mmoja Mmarekani aliyekaa karibu yangu, kijana wake wa tatu huyo kwenye mambo haya. Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Akafungua simu akanionyesha kalenda ya NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo: majira ya baridi kuna kipindi ambacho kocha wa Divisheni I haruhusiwi kutoka chuoni kwake kwenda kutazama wachezaji, hadi Februari iishe. Kalenda iko wazi, mtu yeyote anaisoma bure. Waandaaji wanaijua kama majina ya mama zao. Yaani nimekesha barabarani kumpeleka mwanangu kwa watu ambao kanuni zinawakataza kuwepo pale!

Hilo ningelimeza. Lililonimaliza ni ukurasa wenyewe. Wiki tatu baadaye kijana ananiita, "Baba, njoo uone." Jina sahihi, urefu sahihi, muda wake wa 2.03 upo. Halafu: anatupa kwa mkono wa kushoto. Mwanangu ni wa kulia! Na mliouzoea mchezo huu mnajua, mdakaji wa mkono wa kushoto ni kama samaki anayepanda mnazi. Kocha akiliona hilo anafunga ukurasa palepale, video hataifungua. Nikampigia mshauri, akasema atalishughulikia. Lilikaa wiki tano. Wiki tano hizo ndizo wenzake walikuwa wakiandikiana na makocha.

Nikilalamika, jibu lao moja: "Lakini anapata barua." Kweli zilikuja, nyingi. Moja ilimsifu anavyorusha kutoka kilimani, pale anaposimama mrushaji. Mwanangu hajawahi kusimama kilimani. Nilikuja kuelewa kuwa zile ni matangazo ya kambi za mazoezi za vyuo: chuo kina orodha ya maelfu ya vijana, kinawatumia wote, ukienda unalipa mia kadhaa na makocha wanaongezea kipato. Matangazo ya kambi na zile fomu za maswali yanaweza kutumwa hata kwa mtoto wa darasa la tisa. Kocha wa Divisheni I anaruhusiwa kuanza kumwandikia mchezaji mambo ya kumchukua kuanzia Agosti 1, kabla ya darasa la kumi na moja. Akikutaka anakupigia mwenyewe, anajua unacheza nafasi gani.

Na ile "skolashipu kamili" aliyoniimbia muuzaji! Msimu ule timu nzima ya Divisheni I ilikuwa na skolashipu 11.7. Nukta saba, kama nyama ya kupimiwa buchani. Vijana zaidi ya 30 wanagawana hiyo. Kuanzia 2025-26 ukomo huo umeondolewa kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kesi dhidi ya NCAA, ila kikosi mwisho wachezaji 34, na chuo hakilazimiki kuwalipia wote. Halafu siku hizi wachezaji wanahama chuo hadi chuo kirahisi, na tangu drafti ya MLB, yaani ligi kuu ya kulipwa inapochagua vijana, ikatwe kutoka raundi 40 hadi 20, wengi waliokuwa wakienda kulipwa wanabaki vyuoni. Kijana wa miaka 17 anagombea namba na mijibaba ya miaka 22 yenye ndevu. Haya yote muuzaji anayajua, lakini akikuambia hutatoa kadi.

Nimedai hela yangu, wakasema huduma imetolewa. Nikafungua malalamiko benki. Mnajua walipeleka nini kama ushahidi wa kazi? Picha ya ule ukurasa. Wa mkono wa kushoto. Nikashindwa.

Onyesho la pili hatukwenda. Kijana akakaa na laptopu, akaingia kwenye tovuti za timu moja moja, akatafuta zipi wadakaji wao wanamaliza mwaka ule. Akaandika barua pepe 62 mwenyewe, fupi, na video ya dakika mbili niliyompiga kwa simu. Kocha wa shule yake akapiga simu nne, bure. Majibu yakaja tisa. Machi, Jumanne jioni, kocha wa chuo cha miaka miwili akaja kwenye mechi ya kawaida ya shule, akasimama nyuma ya wavu awamu nne, hajavaa fulana ya chuo wala nini. Mwaka huu anakwenda pale. Sisemi maonyesho yote ni wizi. Lakini kabla hujalipa, waombe kwa maandishi majina ya vyuo vinavyokuja, kisha piga simu kwenye ofisi za vyuo hivyo uulize kama kweli wanakwenda. Mimi ningepiga mbili tu ningeokoa gharama zote za Florida.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Mdau wa Minnesota kanifuata PM, kuna kampuni imemwambia asilipe kitu sasa, mtoto akipata skolashipu watachukua asilimia. Mkuu, kimbia! Kwa kanuni za NCAA mtu anayelipwa kwa kumpatia mchezaji skolashipu anahesabika wakala, na mwanao anaweza kupoteza haki ya kucheza. Afadhali hata hawa wangu walioniibia mchana kweupe.

NYONGEZA YA PILI: Mnaouliza yule ndugu aliyenipa namba. Kijana wangu ndiye aliyesoma maandishi madogo ya mkataba: kila mzazi unayemleta, unapunguziwa dola 200. Aliwaleta watatu kutoka jumuiya yetu, nimeshawapigia wote. Ndugu, najua humu unasoma. Jumamosi kuna kikao cha harusi, na mweka hazina ni mimi.