Ujirani wa BGP kugoma au kuangukaanguka: tupeane uzoefu

Wakuu, mnaoshinda na ruta, tuweke hapa mnavyotafuta tatizo kikao cha BGP (itifaki ambayo ruta hupashana nayo njia za mitandao) kinapogoma au kuangukaanguka. Naanza na hali ya Active (kikao bado hakijaunganishwa), maana inawapoteza wengi. Jina linasikika kama mambo yanakwenda. Ukiiona haibanduki, ruta inajaribu kufungua TCP poti 179 (mlango wa BGP) na inashindwa, kwa hiyo tatizo liko chini ya BGP yenyewe. Ping jirani kwa anwani ileile ya chanzo inayotumiwa na kikao, kisha jaribu telnet kwenye 179. Ikikataliwa papo hapo, huenda mwenzako hajaiandika anwani yako. Ikining'inia hadi muda uishe, kagua faiwoli na ACL (orodha za kuruhusu au kuzuia pakiti) za njiani.

Jibu la 1
Umegusa penyewe mkuu. Kwa wanaounganisha eBGP (BGP kati ya AS tofauti, yaani mitandao inayojitegemea) kwa anwani za lupubaki (loopback, anwani ya ndani ya ruta isiyofungwa kwenye waya wowote): pakiti hutoka na TTL (kikomo cha hatua) ya 1, hivyo weka ebgp-multihop 2 kuipandisha, na update-source (anwani ya chanzo ya kikao) pande zote mbili. Tena iwepo njia mahususi ya kufika lupubaki ya mwenzako. Cisco IOS haianzishi kikao kwa kutegemea 0.0.0.0/0 (njia chaguomsingi) peke yake. Pande zote zikitegemea hiyo tu, hakuna atakayebisha hodi.

Jibu la 2
Linalokula muda kuliko yote ni kikao kupanda hadi Established (kimeunganishwa), kukaa kidogo, kuanguka, kupanda tena. Hesabu sekunde. Kikianguka kila kwenye 180, ambayo ndiyo hold time (muda wa kumvumilia jirani aliye kimya) ya kawaida ya Cisco (RFC 4271, kiwango cha BGP, inapendekeza 90), pima MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kabla ya kitu kingine.

KEEPALIVE (ujumbe wa "bado nipo") ina baiti 19 tu, na OPEN (wa kufungua kikao) nayo ni ndogo, kwa hiyo zinapita popote. UPDATE (za kutangaza njia) zikianza kumiminika, TCP inajaza pakiti hadi pomoni. Kukiwa na tanuli (tunnel) au swichi yenye MTU ndogo katikati, pakiti hizo zinatupwa kimyakimya. TCP inang'ang'ana kurudia ileile, KEEPALIVE zimekwama nyuma yake kwenye foleni, jirani hasikii kitu, hold time inaisha na anakata kwa NOTIFICATION (ujumbe wa kosa) 4/0, yaani hold time imeisha.

Kwenye Linux (-M do inakataza pakiti kukatwakatwa; weka anwani ya jirani yako):

ping -M do -s 1472 192.0.2.1

Hizo 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1500. Ikigoma, shuka hadi 1400 uone. Dawa ni kusawazisha MTU njia nzima. Kupunguza TCP MSS (kiasi cha data katika kila pakiti ya TCP) kunatuliza tu.

Jibu la 3
Someni namba za NOTIFICATION jamani, zinasema wazi. 2/2: namba ya AS hailingani. 6/1: prefiksi (mafungu ya anwani yanayotangazwa) zimezidi kikomo, usipandishe kikomo kabla hujamuuliza jirani, huenda anavujisha njia zisizo zake.

MD5 (ulinzi wa kikao kwa nywila) nayo husemwa na logi. "No MD5 digest": nywila iko upande mmoja tu. "Invalid MD5 digest": zimetofautiana, mara nyingi kwa nafasi tupu iliyonakiliwa mwishoni.

Jibu la 4
Ikiwa Established lakini prefiksi ni 0, kumbukeni RFC 8212 ya 2017: eBGP isiyo na sera haipokei wala haitangazi. FRR (programu huria ya ruta) huandika Policy penye idadi ya prefiksi. Andika route-map (sera ya kuchuja njia) ya kuingia na ya kutoka, zote mbili.