Binti yangu yuko Gredi ya 7: nimpe mtihani wa madarasa ya juu au nimwache?

MamaNafaka, Nakuru

Wazazi wenzangu hamjambo. Naomba ushauri, hasa wa walimu wa hisabati walio humu.

Binti yangu ana miaka 12, yuko Gredi ya 7 katika shule ya kutwa hapa Nakuru. Ripoti zake huja na EE (amezidi matarajio) kutoka juu hadi chini, na kwenye hisabati ni EE1, daraja la juu kabisa, muhula baada ya muhula. Zamani nilikuwa nafurahi sana. Siku hizi ripoti hiyo hainiambii kitu. Najua amefika asilimia 90 au zaidi, lakini sijui kama uwezo wake unaishia hapo au ndipo unapoanzia. Mwalimu wake simlaumu. Darasa limejaa, na akishaona EE1 lazima ahamie kwa yule ambaye bado hajaelewa kugawanya.

Ngoja niwape mfano. Mimi nauza nafaka. Likizo ya Aprili tulipokea maharagwe, vijana wakayapanga stoo: safu ya chini magunia 12, juu yake 11, kisha 10, hivyo hivyo hadi safu ya tano. Nikaanza kuhesabu gunia moja moja ili nimlipe mwenye lori. Sijamaliza hata safu ya pili, mtoto akasema, "Mama, ni hamsini." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Safu ya katikati ina kumi. Inayofuata juu imepungukiwa na moja, inayofuata chini imezidi moja, zinalipana. Hata zile za mwisho zinalipana. Kwa hivyo ni kumi mara tano."

Hakuna aliyemfundisha hayo. Jioni kaka yake, aliye kidato cha tatu, akanionyesha kwamba ni mada iliyo kwenye kitabu chake. Huyu yuko kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, KCSE yake, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ni mwaka ujao, na tangu siku ile wanagombania hicho kitabu kila usiku.

Sasa kila mtu ana lake. Mwalimu wa tuisheni anataka kumpa mtihani wa hisabati wa kidato cha tatu aone atafika wapi. Shemeji yangu aliye Marekani anasema huko watoto wa umri huu hupimwa kwa SAT, ule mtihani wa kuingilia chuo kikuu, na yuko tayari kulipa. Baba yake anasema mtoto aachwe, kwa sababu hajawahi kushindwa na mtihani wowote na hatujui ataupokeaje mshtuko. Nami hofu yangu nyingine ni kwamba ameanza kuchoka na shule. Majuzi aliniuliza kwa nini aende Ijumaa ikiwa kazi ya wiki aliimaliza Jumatatu.

Je, mtihani wa juu unasaidia mtoto kama huyu au unamharibu? Na matokeo yakishapatikana, mnayafanyia nini?

BabaPacha, Kisumu

Mama, hongera kwa mtoto. Nina neno moja tu la tahadhari.

Mpwa wangu akiwa Gredi ya 6, shule yake ya kibinafsi ilimfanyisha mtihani wa Gredi ya 8. Alifanya vizuri. Wiki iliyofuata alama zake zilikuwa langoni kwenye bango kubwa, pamoja na picha yake, kuvutia wazazi wapya. Wakubwa wa Gredi ya 8 walimgeuka. Mapumziko akawa anakaa darasani peke yake, na kila akipewa zoezi anauliza kwanza kama litabandikwa. Ilibidi ndugu yangu amhamishe.

Mtihani wenyewe haukuwa na ubaya, nauliza tu: nani atayajua matokeo? Ukimpa, yabaki kwenu nyumbani. Usiwaambie hata majirani.

MwalimuMstaafu, Kakamega

Mama Nafaka, nimefundisha hisabati sekondari za Kakamega na Vihiga mpaka nikastaafu. Nitaandika kirefu, unisamehe, maana mtoto aliyeona kwamba safu "zinalipana" si wa kujibiwa kwa mstari mmoja.

Mtihani wa darasa hutungwa kupima yale mtaala wa darasa hilo unayotaka. Watoto wawili wakipata 96, mmoja huenda amefika mwisho wa anayoyajua na mwenzake yuko miaka mitatu mbele. Karatasi haiwezi kuwatofautisha, maswali yamekwisha. Ni kama kupima urefu wa watoto kwa rula ya sentimita 30: wote utawaandikia 30. Kwa hivyo ndiyo, kuna sababu nzuri ya kutafuta karatasi ya juu.

Shemeji yako hajakosea kuhusu Marekani. Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alianza utafiti wake wa vijana wenye kipaji cha hisabati mwaka 1971, na mwaka 1972 akawaalika watoto wa gredi ya 7 na ya 8 wafanye sehemu ya hisabati ya SAT. Aliona kwamba mtoto wa umri huo ambaye hajafundishwa mambo hayo, akipata jibu, amelifikiria mwenyewe, hajalikariri. Sehemu hiyo ina alama 200 hadi 800. Wapo waliopata 700 na zaidi kabla ya miaka 13, nao ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Duke kiliendesha mpango wa namna hiyo kuanzia 1980 hadi kilipoufunga 2020.

Lakini watoto wale walikuwa wanapimwa ili wapewe kitu. Aliyefanya vizuri alikuwa akingojewa na masomo ya kiangazi au darasa la mwendo wa kasi. Hapo ndipo penye uzito, na ndiyo maana swali lako la mwisho ningelitanguliza mimi. Kabla hujamkalisha, amua atapata nini baadaye. Kama jibu ni "hakuna, tunataka tu kujua", msubirishe kwanza.

Kuhusu SAT yenyewe, hauhitajiki sasa. Nusu yake ni kusoma na kuandika Kiingereza cha kiwango cha kuingia chuo, siku hizi hufanywa kwa kompyuta, na ada yake ni ya dola. Karatasi za mazoezi zipo bure mtandaoni, shemeji akitaka kumchokoza kwa maswali mawili matatu ya hisabati. Hizo pesa zake zinunue vitabu.

Sasa huyo wa tuisheni. Kidato cha tatu ni kuruka mbali mno. Humo mna logarithimu na matriki. Mtoto akikosa hapo hujui kama ameshindwa kufikiri au hajawahi tu kuonyeshwa alama zile. Mimi ningeanza na karatasi ya hisabati ya KJSEA ya 2025, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, miaka miwili juu yake. Akiimaliza kwa urahisi, mpe ya mwisho wa kidato cha pili. Unatafuta karatasi ambayo atapata karibu nusu. Ukiipata hiyo, acha kupanda.

Asipewe tuisheni ya kumwandaa kwa mtihani huu, la sivyo utakuwa unampima mwalimu. Mwambie mapema kwamba mengine hajafundishwa na anaruhusiwa kuyaruka. Hofu ya baba yake ni ya kweli, mtoto aliyezoea EE1 akiona nusu ya karatasi ina makosa anaweza kulia. Akijua tangu mwanzo kwamba karatasi ilitafutwa makusudi ili imshinde mahali, atakuja kuiona kwa jicho jingine.

Na ukisahihisha, alama iache kwanza. Soma kazi aliyoandika kando. Niliwahi kumpa msichana wa kidato cha kwanza swali la eneo la trapeza kabla ya kuwafundisha kanuni yake. Jibu lake lilikuwa kosa. Nikaangalia pembeni: alikuwa ameikata trapeza kwa penseli, mstatili katikati na pembetatu mbili kando, kila kipande kimehesabiwa, halafu mwishoni akaandika 7 × 8 = 54. Kwa mwenye kusahihisha majibu tu, huyo ni sifuri. Mimi kuanzia wiki ile nilimpa kazi nyingine kabisa.

FundiUmeme_Bungoma

Mbona asirushwe darasa tu? Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, wenzetu walirushwa na wakapita vizuri.

MwalimuMstaafu, Kakamega

Ndugu yangu, KCPE ilikwisha 2023. Ile ilikuwa karatasi ya mwisho tu, ukiifanya umeifanya. Sasa nafasi ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 kwenda juu, hujengwa kidogo kidogo: KPSEA ya Gredi ya 6 ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina 20, na KJSEA yenyewe 60. Ukimrusha Gredi ya 8 unaacha shimo kwenye hesabu hiyo. Tena kuna mambo ya umri. Ana miaka 12, na akili ya hisabati ikiwa ya miaka 15 bado moyo ni wa miaka 12.

Lakini liko jambo jepesi. Gredi ya 7, 8 na 9 ziko ua mmoja na mara nyingi mwalimu wa hisabati ni yule yule. Mama amwombe mwalimu mkuu binti aketi na Gredi ya 9 kwenye vipindi vya hisabati peke yake, kisha arudi kwa wenzake kwa masomo mengine. Ukienda na karatasi ya KJSEA aliyoifanya mwenyewe kwa mkono wake, utasikilizwa. Hiyo ndiyo faida ya mtihani ninayoiona mimi.

FundiUmeme_Bungoma

Nimeelewa, mwalimu, asante.

Niongeze basi kwa upande wa mtoto. Mimi nilikuwa darasa la saba mjomba wangu aliponiletea karatasi ya kidato cha pili. Sikufika nusu. Ninachokumbuka ni swali la mwisho, la tangi linalojaa kwa bomba moja na kuvuja kwa jingine. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kisimani. Shuleni nilikuwa sijapata swali la kunikalia kichwani hivyo. Mama, kama binti anauliza kwa nini aende Ijumaa, nadhani anachokosa ni swali la namna hiyo.

MamaNafaka, Nakuru

Asanteni sana wote. Nimemsomea baba yake majibu yenu hapa stoo. Lile la kumwambia mtoto mapema kwamba karatasi imetafutwa ili imshinde mahali ndilo lililomlainisha. Amekubali, kwa sharti la BabaPacha kwamba yabaki nyumbani. Wa tuisheni nitamwambia asubiri.

Mwalimu, kuna jambo moja bado. Nimpe saa kamili kama kwenye mtihani, au nimwache mpaka amalize?

MwalimuMstaafu, Kakamega

Mwache. Muda ukiisha, mwambie abadilishe kalamu, kama alianza na ya bluu aendelee na nyeusi. Utaona alichofanya ndani ya muda na alichofanya baadaye. Na mwalimu mkuu muone kabla ya ratiba ya muhula ujao kupangwa, ikishapangwa ni vigumu kuigusa.