Tupeane uzoefu: Kaskazi hii imekuletea mgeni gani?

Mwanzilishi (Langoni, Lamu)
Assalamu alaykum jamaa. Upepo umegeuka, sasa ni kaskazi, ule utokao kaskazini-mashariki, bahari imetulia, na barazani kwetu watu wanakaa hadi usiku mkubwa. Wapo wanaolalamikia joto, lakini mimi huu ndio msimu wangu. Jahazi za Arabuni na Ghuba zilikuwa zikishuka na upepo huu kuanzia Disemba, zikangoja kusi, upepo utokao kusini, ishike, kwenye Aprili hivi, ndipo zirudi kwao. Jahazi hizo zimekwisha, ila kaskazi haijaacha kuleta wageni. Leteni shairi, leteni kisa, hata cha kubuni. Naanza:

*Imefika kaskazi, mawimbi yalala pwani,*
*Yacheza nayo minazi, makuti juu angani,*
*Larudi nalo jahazi, tanga jeupe mbeleni,*
*Kwa rehema za Mwenyezi, neema i mlangoni.*

Mama wa Mkomani
Mashairi nawaachia wenyewe. Mgeni wangu ni harufu. Alasiri nachuma asumini zikiwa bado tumba, nazitunga kwenye uzi nikiwa darini. Sindano napitisha kwenye kikonyo, si katikati, maana tumba ikijeruhiwa inageuka rangi mapema. Magharibi ikiingia inafumbuka ya kwanza, kisha ya pembeni yake, na kufikia isha kichwa kizima kimechanua. Upepo unapita juu ya madari unaichukua. Mtaa wetu vichochoro ni vyembamba, lakini usiku wa kaskazi najua ni nyumba gani wamevaa asumini bila kuona mtu.

Baba wa Shela
Mimi nina hadithi niliyowatungia wanangu, huwa nawasimulia tukipanda vilima vya mchanga.

Kusi na Kaskazi walikuwa ndugu. Baba yao, Bahari, akawapa shamba moja tu, vilima vya Shela. Kusi akija anasukuma mchanga upande wake, Kaskazi akirudi anausukuma wake, kila mmoja akidai mwenzake amehamisha mpaka. Shangazi yao Mvua akachoshwa na ugomvi. Akaficha kitu chini ya mchanga, akawaambia, "Atakayekifukua ndiye mwenye shamba." Mpaka leo wanafukua, wala hawajakipata, kwa kuwa kila mmoja akikaribia msimu wake unakwisha.

Alichoficha ni maji matamu. Wanangu huniuliza kama ni kweli, nami nawaambia hilo la maji ni kweli kabisa: mvua inayozama kwenye vilima vile ndiyo inayolisha visima vya mji wa Lamu. Vilima vikijazwa majumba, tutakunywa chumvi. Nimeitunga makusudi, wakikua wasiache mtu achezee mchanga ule.

Wa Mida (kusini ya Malindi)
Mwanzilishi, shairi lako nimelipenda, lakini wageni wa kweli umewaacha. Huku hori la Mida maji yakitoka wanashuka ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama wa kuvunjia karanga. Chakula chao ni kaa. Mmoja anasimama kimya, anakimbia hatua chache, anadaka, kisha anamkung'uta kaa mpaka miguu inatoka. Huzaa kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Arabuni na Ghuba, halafu msimu wa baridi ukiingia kwao wanakuja kwetu. Umesema safari za jahazi zimekwisha. Hawa njia ileile bado wanaipita. Basi pokea, kwa vina vyako mwenyewe:

*Umesahau mizizi, ya mikoko matopeni,*
*Na kaa wapanda ngazi, kushuka hadi shimoni,*
*Ndege wa mbali, wajuzi, washukao ufuoni,*
*Nawapa hawa pongezi, watajwe humu tungoni.*

Mvuvi wa Manda
Na maji yanayowaka je? Usiku wa giza ukipiga kafi, bahari inatoa cheche za kijani, na samaki akikimbia unauona mstari wake wote. Ni vijidudu vidogo mno vya baharini, vikitikiswa vinatoa mwanga. Chagueni usiku usio na mbalamwezi, mzime tochi, mtie mkono majini taratibu.

Mwanzilishi
Wa Mida, umenishika pabaya, jibu naliandaa. Ila jamani, embe ngowe zimejaa sokoni na hapa hakuna aliyezitaja! Watu wa mashamba mko wapi?