Waliazima Catalina yangu nzima, wameirudisha na supaglu kwenye kioo

Jamani, nina hasira ya siku tatu na sijapata pa kuitua, basi naileta hapa.

Mwezi uliopita mratibu wa maonyesho fulani hapa mjini alinijia nyumbani Tudor na maneno matamu. Ana maonyesho ya siku nne kuhusu Mombasa ya zamani, kasikia nina ndege na magari madogo niliyoyaunda kwa mkono wangu, anaomba kuazima. Nikampa viwili ninavyovipenda kuliko vyote: ndege ya Catalina ya kipimo cha 1/72 na Datsun 240Z ya 1/24.

Catalina sikuitoa ovyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege hizi za kutua majini za Waingereza zilikuwa na kituo papa hapa Kipevu, zikipiga doria Bahari ya Hindi kusaka nyambizi. Watu wanapita Kipevu kila siku, wanaona makontena tu. Nilitaka watoto wa shule waione. Ya kweli ina mabawa ya karibu mita 32, yangu sentimita 44, na bawa lake halikulala mwilini kama ndege nyingine: limeinuliwa juu ya nguzo moja nene, na pembeni linashikiliwa na vijiti vinne vyembamba. Nilimwambia yule kijana aliyekuja na gari, tena mara mbili, shika chini ya tumbo, usiguse bawa.

Wakaibeba kwa bawa.

Vijiti viwili vimekatika, bawa limepinda upande. Hilo ningesamehe, wallahi, kijiti naweza kuchonga kingine. Kinachonichoma ni walichofanya baadaye, kimyakimya, bila hata kunipigia simu. Ubavuni Catalina ina madirisha mawili yaliyovimba kama mapovu, moja kila upande, ndipo alipokaa mpiga bunduki. Moja lilibanduka. Mtu akaenda dukani akanunua supaglu, akalirudishia, akafuta vidole, akaenda zake. Anayeijua kazi hii anajua supaglu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ule hutua kwenye plastiki angavu ukaacha ukungu mweupe. Huu umetua upande wa ndani. Kitambaa hakifiki, na nikilazimisha kulibandua litapasuka. Ndani mle kuna bunduki niliyoipaka rangi kwa brashi nyembamba kama sindano, na mkanda wa risasi niliohesabu risasi zake moja moja. Hakionekani kitu. Dirisha limekuwa jicho lenye mtoto wa jicho.

Datsun nayo ni ile nyekundu yenye boneti nyeusi, gari aliloshindia Edgar Herrmann mbio za Safari mwaka 1971. Ili lisiteleze mezani walilibandika kwa selotepu! Kulibandua, selotepu ikaja na rangi na nusu ya stika ya mlangoni. Zile si stika za kubandika daftari. Unazilowesha majini, unazitelezesha polepole mpaka zikae pahali pake, kisha unazifunika kwa vanishi. Na vanishi yenyewe kwa hewa yetu ya Mombasa ni mtihani. Ukiipuliza siku yenye unyevu mwingi, thina inaporuka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua pale pale, na gari jekundu linageuka kama limemwagiwa maziwa. Nilikaa na gari lile kabatini masika nzima nikingoja mchana mkavu wa kupulizia koti moja tu. Moja!

Nilipompigia mratibu, aliniambia hivi: “Ami, si hizi ni toi tu? Tutakutumia elfu moja ununue nyingine.”

Nikanunue wapi? Boksi la Catalina niliagiza ng'ambo nikangoja wiki kwa wiki. Rangi za kopo la kupuliza si rahisi kuzisafirisha kwa ndege kwa sababu zinashika moto, kwa hiyo kila kopo nililo nalo nalitumia kwa hesabu. Na hata nikilipata boksi, ndani yake hamna ndege, mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu. Miezi minne ya kukata, kupiga msasa, kuziba nyufa na kupaka ndiyo ndege. Fundi wa Lamu akikuchongea mfano wa jahazi, nani humwambia ni toi? Utamlipa, utaweka sebuleni, utaonyesha wageni. Kwa nini changu kiwe cha kutupiwa elfu moja?

Sitaki elfu moja. Nataka boksi jipya la Catalina lenye vioo vyake, nataka stika za Datsun, na nataka aje mwenyewe nyumbani, asimtume yule kijana, aangalie lile dirisha chini ya taa. Nimemwandikia hivyo, amesoma, hajajibu.

Najua si mimi pekee niliyeazimwa. Kulikuwa na picha za zamani za familia za watu pale, na kasha moja la mbao lenye misumari ya shaba. Kama ni lako, usingoje wakuletee. Nenda kalichukue mwenyewe leo, lifungue mbele yao, ulipige picha pande zote kabla hujalitia garini.