Naombeni ushauri: nataka kujitoa kwenye kikundi chetu cha nyoka na vyura, niwaambieje?

Abuu_wa_Utange
Asalaam aleikum, na wasiokuwa Waislamu habari za usiku. Nina jambo lanikosesha usingizi, leo siku ya nane. Mie ni katibu wa kikundi kidogo hapa Mombasa cha watu wanaopenda nyoka, vinyonga, kobe, kenge, vyura, viumbe kama hivyo. Niko nao mwaka wa 3 sasa na sijawahi kupenda kitu maishani kama nilivyokipenda kikundi hiki. Masika ikianza twapanda Shimba Hills na tochi za kichwani, askari wa mbuga yuwatangulia, tukifika bwawani twazima taa zote twasikiliza vyura mpaka masikio yalia. Kuna mmoja mdogo, wamkalisha juu ya kidole gumba, ana michirizi myekundu kama mtu amemchora kwa kalamu, na hapatikani popote duniani ila vilima vile vya Kwale. Siku za shule twapeleka nyoka wasio na sumu watoto wawaguse waache kuogopa kila kinachotambaa. Na mtu akiona nyoka jikoni hutupigia simu badala ya kutafuta panga.
Sasa nataka kujitoa kabla ya mkutano wa kesho Jumapili. Sababu ni za kifamilia. Mwenyekiti wetu ni mzee wa watu, kila ninachojua kanifunza yeye, sitaki ahisi nimemdharau. Niandike meseji au niende kwake? Na nianze vipi?

Mama_Swabra
Toka mwanangu toka mbio, wala usiandike meseji, zima simu tu. Nyoka si kiumbe cha kufanya naye urafiki. Mie hata mjusi kafiri simwachi ukutani, yule ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim, bibi yangu alikuwa akimuona anavua kiatu hapo hapo hata kama kuna wageni. Sasa nyinyi mwatoka usiku na tochi kwenda kuwatafuta!

Baharia_Likoni
Mama Swabra umenikumbusha. Sisi kwetu Likoni kulikuwa na mwembe nyuma ya nyumba, mwaka mzima twapanda twachuma, siku moja kakangu yuko juu kashika tawi kaona tawi la pili lasogea. Nyoka wa kijani kibichi mtu wangu, huwezi kumtofautisha na jani. Alishuka bila kugusa shina, nawaapia, mpaka leo ana kovu la goti. Tukaja kuambiwa yule ni wa sumu kali na yuwakaa sana kwenye miembe na mikorosho ya pwani hii, tena si mgomvi, ukimwacha yuwaenda zake. Miaka yote ile kumbe twala maembe naye. Ule mwembe tuliukata. Nausikitikia mpaka leo, embe zake zilikuwa dodo tupu.

Kobe_Mtopanga
Mwenye uzi, kabla hujatoka nijibu mie kwanza. Kuna kobe mwenye madoa kaingia uani kwetu tangu mwezi wa Ramadhani, watoto wampa sukuma wiki na nyanya. Ni halali kumweka?

Abuu_wa_Utange
@Kobe_Mtopanga kobe wa porini ukimfungia yataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, sheria ni ile ya wanyamapori ya 2013, hata kama kaja mwenyewe na miguu yake. Wapigieni waje wamtazame. Nyanya msimzoeshe, chakula chake ni majani na nyasi.
Wengine naomba mnijibu kuhusu meseji.

Tezi_na_Omo
Kijana, mie nimekusoma mara mbili. Mtu hakimbii kitu anachokipenda hivi kwa sababu za kifamilia tu. Umefunga ndoa? Umekula pesa za kikundi? Katibu kutoka siku moja kabla ya mkutano, hapo pana jambo. Sema tukushauri, la sivyo twapiga ramli.

Abuu_wa_Utange
Pesa sijala hata shilingi, daftari liko wazi. Kulitokea ajali kidogo nyumbani. Imeshapita. Sitaki kuichimbua.

Nesi_Mstaafu
Ajali ya aina gani? Umeumwa na nyoka? Mkono umevimba? Kama ni hivyo ondoka mtandaoni sasa hivi nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Abuu_wa_Utange
Si mie.

Tezi_na_Omo
Basi ni nani?

Abuu_wa_Utange
Haya, naomba msinitukane.
Ijumaa ya wiki iliyopita nilipigiwa simu kuna swila, yule nyoka wa kutema sumu, kwenye banda la kuku la jirani. Utaratibu wetu ni kuwa nyoka wa sumu hashikwi na mtu mmoja, lazima muwe wawili na miwani ya kukinga macho, na akishikwa anapelekwa kwa mwenyekiti moja kwa moja, yeye ndiye mwenye kibali. Mie nilikwenda peke yangu. Nikampata vizuri tu kwa fimbo ya ndoano, nikamtia kwenye ndoo ya mfuniko. Sikumpeleka. Nilikuwa nimeomba mara mbili niruhusiwe kushika nyoka wa sumu, mzee akanijibu bado miaka miwili. Nikasema nitamweka siku mbili nifanye mazoezi na kupiga picha, akiona picha atakubali.
Jioni ile ile nilimtoa uani. Mlango wa nyuma sikuupiga komeo. Mpwa wangu wa miaka 6, mtoto wa dadangu, akatokea na mpira. Alikuwa mbali, hatua tatu au nne. Nyoka akainuka akatema.
Mtoto ametibiwa, jicho moja halikuingia kitu, la pili ndilo liliingia, sasa yuwafungua na kuona. Ndiyo maana nasema imeshapita. Dada hakuwepo nyumbani, alipokuja nilimwambia nyoka katokea kwenye kuni. Kwani nikisema sasa jicho litapona zaidi? Nimeamua kutoka kikundini nisishike nyoka tena maisha, hiyo si adhabu tosha?

Mama_Swabra
Ya Rabi. Mtoto wa watu.

Nesi_Mstaafu
Nijibu haraka. Alioshwa na nini, kwa muda gani, na hospitali wamesema arudi lini?

Abuu_wa_Utange
Nilimpeleka bombani mbio, nikamwosha kama dakika tano, akawa yuwapiga kelele nikasimama. Jirani akaja na maziwa akammwagia. Hospitali walimwosha upya, wakamtia rangi wakaangalia kwa taa, wakasema kioo cha jicho kina mchubuko. Matone mara nne kwa siku, arudi Jumanne.

Nesi_Mstaafu
Bomba ulifanya sawa, tatizo ni kusimama. Sumu ya swila ikiingia jichoni ni maji mengi yanayotiririka, robo saa mpaka dakika 20, kope zimeshikwa wazi, hata alie vipi. Maziwa si dawa, watu wa pwani hukimbilia maziwa na bomba liko pale. Kufikicha hapana. Dawa za majani hapana. Sindano ya kupinga sumu ya nyoka haitolewi kwa jicho peke yake, kwa hiyo msishangae kama hakudungwa. Na msije mkanunua matone dukani mkaongeza, kuna mengine ya kutuliza uvimbe yanaweza kuharibu kabisa jicho lenye mchubuko. Mchubuko ukiingia vijidudu mtoto hupofuka, nimeona kwa macho yangu. Jumanne ni lazima.

Bin_Haki
Dhambi hapa si nyoka, ni uongo. Kijana umeweka amana ya mtu hatarini kisha ukamdanganya mwenye amana. Tena dada yako wa tumbo moja! Leo vijana wetu wataka sifa za picha kuliko heshima ya wazee, mzee kakwambia miaka miwili, miaka miwili ni nini? Mie nilisoma kwa fundi miaka mitano nakoroga saruji tu, sijashika mwiko, na siku niliyoushika ukuta wangu haujawahi kupinda. Vijana wa leo hamtaki kukoroga.

Tezi_na_Omo
Bin Haki ya saruji tutayasikia kesho. Abuu, swila yuko wapi saa hii?

Abuu_wa_Utange
Yuko ndooni. Chumbani kwangu, nimeweka tofali juu ya mfuniko. Nshapatana na kijana wa bodaboda, kesho usiku twampeleka kwenye mikoko ya Mtwapa namwachia. Hakuna atakayemuona.

Baharia_Likoni
MIKOKO GANI?? Wavuvi wa kaa wapita pale peku alfajiri! Kuna shangazi yangu yuwaokota chaza pale pale!

Mtoto_wa_Tandika
Wakenya nawasalimu kutoka Dar. Huku tunaita chai hii. Nyoka akae ndooni siku nane bila kula, jamaa analala naye chumba kimoja, dada haingii kufagia, na bodaboda amekubali kubeba swila usiku? Ongezeni sukari.

Hakimu_Kongowea
Mie pia nilikuwa nanusa hekaya tangu mwanzo. Mnakumbuka yule wa chatu wa Likoni mwaka juzi, tulilia naye siku tatu mwishowe akaanza kuuza mafuta ya chatu. Huyu naye mwanzo sababu za kifamilia, kisha ajali kidogo, kisha mtoto, kisha ndoo. Kila tukiuliza hadithi yaongezeka chumba. Weka picha ya ndoo.

Kobe_Mtopanga
Lakini jibu lake la kobe lilikuwa sawa, nimepiga simu wameniambia hivyo hivyo.

Hakimu_Kongowea
Hilo hata mtoto wa darasa la nne ajua. Haya bwana katibu, kama kweli miaka 3 unafunzwa: swila yuwatema vipi, na wa kwako ni yupi?

Abuu_wa_Utange
Picha siweki, hiyo picha ndiyo iliyonifikisha hapa.
Swila hatemi mate. Meno yake ya sumu yana tundu linalotazama mbele, si chini kama ya nyoka wengine, akikaza misuli ya tezi sumu yaruka kama maji ya bomba lililobanwa kidole. Huku kichwa akikitikisa ili isambae, na shabaha yake ni uso. Mita mbili zaidi hufika bila shida. Huyu wangu ni wa shingo nyeusi, kifuani ana mkanda mwekundu wa kupauka. Kuna yule mwingine mkubwa wa kahawia, zamani walimhesabu ni mmoja na huyu, 2007 ndio wakamtenga wakampa jina la marehemu James Ashe aliyeanzisha shamba la nyoka la Watamu, ndiye mkubwa kuliko swila wote watemao sumu duniani. Mwenyekiti alitupeleka Watamu tukamuona. Na nyoka kukaa wiki bila kula si kitu, maji ndiyo muhimu, namwekea kikopo kwa koleo. Dada haingii chumbani kwangu kwa sababu tangu niingie kikundini aliniambia hatakanyaga humo.

Hakimu_Kongowea
...sawa. Hilo la meno nimeenda kulitafuta, ni kweli.

Mtoto_wa_Tandika
Bado bodaboda sijamwelewa.

Abuu_wa_Utange
Bodaboda hajui amebeba nini. Nilimwambia ni rangi.

Tezi_na_Omo
Umeona sasa. Umemdanganya dada, daktari, mzee, na sasa bodaboda atakayekuwa na swila mgongoni mwake gizani kwenye mashimo ya barabara ya Mtwapa. Hebu niulize la mwisho. Mtoto alikuona. Yeye amesema nini?

(Dakika arubaini hakuna jibu.)

Mama_Swabra
Abuu mwanangu uko?

Abuu_wa_Utange
Nipo.
Mtoto alisema. Siku ile ile hospitali alimwambia mamake "ni nyoka wa mjomba". Dada akanitazama. Mie nikasema ni homa, mtoto amechanganya kwa sababu alishaniona na nyoka shuleni kwao. Juzi akarudia tena mbele ya babake, shemeji akamzaba kofi kwa kumsingizia mkubwa. Mie nilikuwa nimekaa pale pale mkekani. Sikusema kitu.
Tangu hapo haniiti. Akiniona ageukia ukutani na lile jicho moja.
Na majirani wamechoma kichaka chote nyuma, wameua nyoka wawili, nimewaona, wote ni wale wa nyumbani wanaokula panya, wasio na sumu yoyote, tuliokuwa tukiwapeleka shuleni. Dada atafuta nyumba nyingine, yuwasema hapa pana nyoka. Amana ya nyumba anataka kuilipa Jumatatu.

Bin_Haki
Sina la kuongeza kijana. Yale ya saruji nisamehe.

Baharia_Likoni
Kofi hilo ni lako, lazima ulichukue.

Mama_Swabra
Sikiliza. Usianze na meseji ya kikundi, hayo ni ya baadaye. Kwanza mpigie huyo mzee wenu usiku huu huu aje amtoe huyo nyoka, hata kama amelala, atakugombeza na agombeze. Kisha ukae na dada yako na shemeji yako, mtoto awepo. Useme mbele yake kuwa alisema kweli. Hilo usimwachie mtu mwingine alifanye.

Hakimu_Kongowea
Na mzee ndiye ajua namna ya kuongea na KWS. Wewe mwenyewe ulimweleza mwenzio habari ya kibali cha kobe, na wewe una swila chini ya tofali.

Abuu_wa_Utange
Nimempigia. Alipokea mlio wa kwanza. Sikufika mbali nilipotaja swila akauliza "mtoto ana jicho?" nikasema anaona, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema nisiguse ndoo, nisisogeze tofali, nifunge mlango wa chumba nitie nguo chini ya mlango nikae nje, yuwaja na mwenzake na sanduku. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.
Bodaboda nimemwambia asije.
Nimekaa kwenye ngazi. Dada alikuwa kwa mama yetu, naona tuktuk yao imesimama pale kona. Mtoto amevaa miwani nyeusi ya jua ya kikubwa, yamwanguka puani kila hatua, ameshikwa mkono na babake. Simu naweka mfukoni.

Nesi_Mstaafu
Matone ya usiku msisahau kwa ajili ya mazungumzo. Na Jumanne nenda nao, umwambie daktari ni swila wa aina gani na ulimwosha dakika ngapi.