Gugumaji limeziba mwalo: tuanze na mboji, biogesi au kusuka?

Mwaloni_Sengerema
Wakuu, salaam. Mwalo wetu uko Sengerema, Ghuba ya Mwanza. Upepo ukigeuka gugumaji linajaa, mitumbwi haitoki. Tuko watu 14, tuna mapanga, reki, toroli 3 na mkokoteni wa ng'ombe. Kuna anayeshauri tulipakie bichi kwenye Fuso tukawauzie wakulima wa mboga mjini. Wengine wanataka biogesi, akina mama wanataka kusuka. Tuanze na lipi, na vipimo vyake ni vipi? Humo pia kuna gugu dogo linaloelea, majani yake yana vinyweleo juu. Nalo linafaa?

MbojiHai
Mkuu, habari ya Fuso iacheni kabisa. Gugumaji bichi ni maji kwa asilimia 93 hadi 95. Ukipakia tani 7, umebeba kama kilo 400 tu za kitu chenyewe. Mafuta ya gari yanaisha kwa kusafirisha maji ya ziwa. Kazi yote ya kupunguza uzito ifanyike hapo hapo mwaloni.

Anzeni na mboji, maana haihitaji mtambo. Likatwe mizizi kwanza. Mizizi ndiyo inayokusanya risasi, kadmiamu na zebaki, hivyo kama mwalo uko karibu na mfereji wa mjini au wachenjuaji wa dhahabu, msiiweke kwenye mboji ya mboga. Majani na vikonyo vikateni vipande vya sentimita 5 hadi 10, mvianike unene usiozidi sentimita 15, siku 3 hadi 5 za jua, uzito ushuke hadi kama theluthi. Likirundikwa bichi linashikana, hewa haipiti, linaoza na kunuka badala ya kupata joto.

Lundo: tabaka la gugumaji lililonyauka sentimita 30, juu yake samadi sentimita 5 na pumba za mpunga au mabua makavu sentimita 5, rudia hadi mita 1.5. Upana nao uwe mita 1.5. Chini ya mita 1 kwenda juu joto halishiki. Msichanganye majivu na samadi mbichi, japo wengi hufanya hivyo: yanafukuza naitrojeni ikatoka kama hewa, ndiyo ile harufu inayochoma pua.

Chomeka nondo katikati kwa dakika 10. Ikitoka huwezi kuishika, lundo linafanya kazi. Geuzeni kila baada ya wiki 2, vya nje viingie ndani. Unyevu: finya konzi moja, yatoke matone machache tu. Miezi 2 na nusu hadi 3 imeiva. Tani 1 bichi itawapa kama kilo 60 za mboji, ukiacha uzito wa samadi na pumba, basi bei pangeni mkijua hilo.

Lundo likae nje ya mita 60 kutoka ufukweni. Ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka kwa shughuli za kudumu, na lile tope linalochuruzika likirudi ziwani linalisha gugu jipya.

FundiGesi
Naongeza upande wa biogesi. Gugumaji peke yake msijaribu, liwe nyongeza ya samadi. Kilo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa lita 30 hadi 40 za gesi, gugumaji bichi lita 12 hadi 20. Mtambo wa mita 6 za ujazo lisheni kila siku kilo 30 za samadi, lita 30 za maji na kilo 15 za gugumaji. Kwa gugumaji msiongeze maji, linayo tayari. Mtapata kama saa 3 za jiko moja.

Tatizo kubwa ni utando. Vipande vina matundu ya hewa, vinaelea, vinashikana kama mkeka juu ya tope. Gesi inakwama na njia ya kutolea inaziba. Vikateni sentimita 2 au mvipondeponde, mviloweke kwenye pipa lenye mfuniko siku 4 hadi 5 vilainike, ndipo mlishe. Anzeni na kilo 3 kwa siku, mpande taratibu kwa wiki 4. Moto ukififia na tope likanuka uchachu, mmelisha kupita kiasi: simamisheni wiki nzima, kisha rudini na samadi tupu.

Kwenye bomba wekeni chombo chenye stilwaya ile inayoshika kutu, ili inase gesi yenye harufu ya mayai viza. Isiyoshika kutu haifai. Ikigeuka nyeusi yote, badilisheni.

Ukili_na_Kamba
Kwa akina mama: vuneni katikati ya zulia la gugumaji palipobanana, vikonyo hapo hufika sentimita 60 na zaidi. Vya pembezoni ni vifupi na vimevimba kama tunguri, havisukiki. Osheni, anikeni siku 5 hadi 7 juu ya kichanja, si chini. Kikipinda bila kutoa unyevu ndiyo kimekauka. Kabla ya hapo kikapu kitaota ukungu kikiwa dukani. Siku ya kusuka kifuteni kwa kitambaa chenye maji kisivunjike. Masika msivune kwa kusuka, pelekeni kwenye mboji.

Mwaloni_Sengerema
Asanteni sana. Mboji haitaotesha gugumaji bustanini? Na likipungua ziwani, tunaweza kulipanda bwawani tusikose malighafi?

MbojiHai
Bustani kavu haliwezi, linahitaji maji au tope. Hatari iko mashamba ya mpunga, kwa sababu mbegu hukaa hai kwenye tope miaka mingi. Lundo likifika nyuzi 55 na likageuzwa vizuri mbegu zinakufa, kwa hiyo kugeuza msikuruke. Mkiona maua ya zambarau, vuneni kabla hayajafanya mbegu.

Bwawani msipande hata mche mmoja. Zulia hujiongeza maradufu kwa wiki 2 hivi, na mvua ikifurika linaingia mtoni. Ziwa Victoria lenyewe lililipokea kupitia Mto Kagera.

Majani yenye makovu madogo ya mviringo ni kazi ya Neochetina, mdudu anayekula gugumaji, aliyeachiwa Ziwa Victoria ili alipunguze: upande wa Uganda 1995, Kenya na Tanzania 1997. Kila mvunapo bakizeni sehemu yenye makovu hayo, mdudu azaliane.

Hilo gugu dogo ni salvinia. Neochetina halili, lina mdudu wake mwingine, Cyrtobagous. Halisukiki, ila kwenye mboji linaingia vizuri, lianikeni kama lile jingine. Wanaoingia majini wavae buti ndefu na glavu, konokono wa kichocho wamejaa kwenye mizizi.